Kikohozi cha Mashine ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Kwanza ijulikane ni nani anayeandika. Anayeandika ni mimi, ninayeitwa Mashine na mji mzima, kuanzia gatini mpaka kwenye mnara wa simu, na haijawahi kuwekwa injini mbele yangu ikaendelea kuwa na kiburi. Nimewahi kuwasha meli ya ghorofa tatu kwa kibanio cha nywele. Nahodha alinililia begani, mwanamume mzima na ndevu zake. Mtu wa namna hii akianza kuandika, wengine wakae vizuri.

Daftari hili mpwa wangu alinunua ili niandike saa za dawa za mama yake, yaani dada yangu, wakati yeye yuko sokoni kwenye cherehani. Saa za dawa nitaziandika kuanzia nyuma. Huku mbele ni kwangu.

Masika yameanza leo saa nane mchana. Nilitabiri tangu juzi. Mpwa anasema ni redio ndiyo ilitabiri. Redio ilinisikia.

Jumanne, 4 Machi

Dada alirudishwa kutoka hospitali wiki iliyopita. Daktari alisema moyo umechoka, hakuna la kukata wala la kushona, akapumzike nyumbani, ale anachotaka. Hayo maneno ya "ale anachotaka" mimi siyapendi. Mtu anayetarajiwa kupona hukatazwa vitu.

Tumemlaza chumba cha nyuma, kitanda kimeegemea dirisha. Ukichungulia unaona ua, unaona banda la mabati, halafu mteremko, halafu maji. Bandani ndimo ilimo mashine ya boti ya marehemu shemeji, mume wake, imefunikwa turubai. Mwaka mmoja na miezi miwili sasa haijalia.

Leo aliniita.

"Mashine."

"Naam, dada."

"Ile ya shemeji yako bado ipo?"

"Ipo. Inakula vumbi."

"Nataka niisikie. Mara moja tu."

Nikadhani ni homa. Akaniambia, kwa miaka ishirini na saba shemeji alikuwa akivusha maziwa kutoka ng'ambo, na kila siku saa kumi na moja jioni mashine ilisikika ikizunguka mwamba, na yeye akisikia tu anaweka chai jikoni. "Hata saa sikuwa naitazama. Sasa nalala hapa, sijui chai iwekwe saa ngapi."

Nikamwambia, "Dada, kesho kutwa utaisikia."

Akanitazama.

"Basi kwa kuwa ni wewe," nikasema, "kesho."

Jumatano, 5 Machi

Haikuwaka. Nilivuta kamba mara arobaini. Bega linauma.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Bega.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua kabureta. Kwa wasiojua, kabureta ndiyo koo la mashine: petroli na hewa hukutana humo kabla ya kwenda kuwaka. Sasa koo hili limezibwa. Petroli ya zamani imeganda ndani, rangi kama gundi ya fundi viatu, na harufu yake ukiivuta unasahau jina la baba yako. Vitu vinne vimekwama. Kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga hewa, hakigeuki. Boya, linalopima petroli, limeganda ukutani mwa bakuli lake. Sindano ya boya haipandi wala haishuki. Na jeti, kile kipande cha shaba chenye tundu dogo kama la sikio la mbu, imeng'ang'ania chini kabisa.

Nimewaeleza wa nyumbani kwamba kosa ni la wauza petroli. Siku hizi wanachanganya na maji ya kunawia.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimweleza dada habari za meli, apate moyo. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwaka jana ilikuwa na ghorofa mbili."

Jumatano, 12 Machi

Amekuja Fundi Kimya. Huyu ana karakana gatini, ni rika langu, na huongea kama mtu anayekopeshwa maneno. Mpwa alimwambia akipita aingie. Sikumwita mimi.

Akainamia kabureta, akainusa, akaigeuza mara moja. Akasema, "Jeti."

"Najua ni jeti."

"Usiilazimishe."

"Ndugu yangu," nikamwambia, "mimi nilikuwa nafungua kabureta wewe bado unafungwa kamba za viatu."

"Tulikuwa darasa moja," akasema.

"Ndiyo, nami nakumbuka nani alikuwa anakufunga."

Akaondoka bila kucheka. Mtu asiyecheka ana lake. Nimemwambia mpwa asimlete tena, na mpwa akasema, "Mjomba, siku ile ulisema kesho. Leo ni siku ya nane." Ulimi wake ni pilipili. Sijui amerithi kwa nani, sisi kwetu tu watu wapole.

Ijumaa, 14 Machi

Kipepeo kimegeuka! Nilikilaza siku mbili katika kopo la petroli mpya na thina ya rangi, nikakitia mafuta ya cherehani ya mpwa, nikakibembeleza. Nilikimbilia chumbani kumwonyesha dada. Akakishika, akakifungua na kukifunga kwa kidole kimoja, fungua, funga, kama mtoto.

"Kinapumua," akasema.

Miguu yake imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole inaacha shimo, na shimo halirudi upesi.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua tangu asubuhi. Dawa zote kwa wakati.

Ijumaa, 21 Machi

Jeti hii imetengenezwa kwa shaba laini mno. Mtu unaigusa tu na bisibisi, mwanya wake wa kushikia unamomonyoka. Leo nilitumia bisibisi kubwa kwa sababu ndogo haikuwa karibu, yaani ilikuwa ndani na mimi nilikuwa nje. Ikateleza. Mlio wa shaba kumeguka ni mdogo, kama mtu anavunja ukucha.

Nimeirudisha kabureta katika kopo, nikafunika kwa kitambaa. Mpwa aliuliza vipi maendeleo. Nikamwambia iko katika hatua ya kulowa.

Jumapili, 30 Machi

Dada sasa halali chini. Akilala chali anazama, anasema. Tumemwekea mito minne, analala ameketi, kama abiria.

Aliniuliza ninaijua sauti ya mashine ya shemeji. Nikasema nani asiyeijua. Akasema, "Piga basi." Nikapiga meza kwa vidole. Akatikisa kichwa. "Hapana. Inapiga nne, halafu inakohoa. Nne, inakohoa. Kila mashine ina kikohozi chake. Ya jirani ilikuwa inapiga sita." Akanipigia yeye kwenye mkono wangu, kwa vidole vyake vilivyovimba, nne, halafu akakohoa kidogo. Kikohozi cha mzaha kikazaa cha kweli. Nilimshika mgongo mpaka kikatulia.

Jumatano, 2 Aprili

Leo niliona jambo. Mpwa alikuwa ukumbini anapunguza gauni la mama yake, lile la maua ya bluu. Miguu inavimba, lakini mabega na kifua vinayeyuka. Alipoinuka kwenda jikoni nililigeuza ndani nje. Kila upande wa kiuno una mistari minne ya mshono, mmoja ndani ya mwingine. Kumbe kila wiki analipunguza, na kila wiki anamwambia mama yake, "Bado linakukaa vilevile."

Na mimi nilikuwa namwita pilipili.

Jumatatu, 7 Aprili

Boya limetoka. Mbinu ni hii: maji ya moto kwenye beseni, kabureta ndani, unahesabu mia, unatoa, unapuliza, unagonga taratibu kwa mpini wa mbao. Siku tatu nilikuwa nafanya hivyo. Leo likaachia, likaelea juu ya maji. Nilimwita dada kwa dirisha, "Linaelea!" Akanyoosha mkono, akanipungia kama mtu aliye ndani ya treni.

Zimebaki sindano na jeti.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mvua. Banda linavuja juu ya benchi. Muuguzi wa zahanati amekuja, amempima, amekunja kipimo chake, akaniambia uani, "Muwe mnakaa naye." Nikamwambia sisi tunakaa naye. Akasema, "Ndiyo, basi mkae."

Jumapili, 13 Aprili

Sindano ilinishinda nikakasirika, nikaivuta kwa koleo. Mpwa alikuwa ameegemea mlango wa banda.

"Mjomba, sindano ikikwama kwenye kitambaa, unaivuta?"

"Hii ni injini, mama, si sketi."

"Haivutwi. Unarudisha gurudumu nyuma kidogo, halafu mbele kidogo, halafu nyuma. Inajitoa yenyewe ikiona huna haraka."

Nikamwambia aende akashone. Alipoondoka nikafanya alivyosema. Nyuma unywele, mbele unywele. Saa moja na nusu. Ikatoka safi kama jino la mtoto.

Sijamwambia. Nitamwambia.

Jumapili, 20 Aprili

Leo nataka kuandika kitu na sijui kama nitakiacha.

Mvua ilikata adhuhuri, nikafungua dirisha. Dada alikuwa macho. Nikakaa kwenye kiti cha kamba, na kopo lenye kabureta mapajani, natikisa tu. Yeye akasema, "Imekwama kwa nini hata?"

Nikaanza, "Wauza petroli wa siku hizi—"

"Mashine."

Akisema hivyo, tangu utotoni, najua mchezo umekwisha. Alinilea huyu. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minne na yeye kumi na tatu. Alinibeba mgongoni mpaka watu wakamuuliza kama nimezaliwa huko.

Nikamwambia. Shemeji alikuwa na desturi yake moja ambayo hakuiacha. Akifika, haizimi mashine. Anafunga bomba la petroli, anakaa pembeni ya boti, anaiacha ile petroli iliyobaki kwenye kabureta iungue yote. Dakika mbili, dakika tatu, inapungua, inakohoa, inanyamaza. Alikuwa akiniambia, "Usiiue. Iache ife yenyewe. Ukiiua inabaki na kitu kooni." Mimi nilikuwa namcheka, nasema huyu mzee anapenda kukaa.

Siku ya msiba wake boti ilikuwa ng'ambo, alikoanguka. Nikasema nitaileta mimi. Nilikuja nayo, watu wamejaa mteremkoni, wananitazama. Nikaona nafasi. Nikaja kwa kasi, nikakata kona kali, nikaizima pale pale kwa kidole, kap, nikaruka nchi kavu kama mtu wa sinema. Kiatu kimoja kikabaki majini. Mashine tukaibeba tukaiweka bandani na koo lake limejaa. Ndipo petroli ilipogandia.

"Kwa hiyo ni mimi," nikamwambia. "Wauza petroli hawana kosa."

Akasema, "Najua. Nilikuwa jikoni na wanawake. Nikasikia imekatika ghafla. Miaka ishirini na saba haikuwahi kukatika vile. Hapo ndipo nilipojua kweli hayupo. Mpaka hapo nilikuwa nadhani wanasema tu."

Nilitaka kuomba msamaha.

Akasema, "Nipe maji."

Nikampa. Akanishika kifundo cha mkono akinywa.

Jumatatu, 21 Aprili

Sijakichana kile cha jana.

Ijumaa, 25 Aprili

Jeti. Maji ya moto, maji ya baridi, thina, mafuta. Mwanya wake umekuwa duara kama kikombe, bisibisi haina pa kushika. Nimefikiria kwenda kwa Fundi Kimya. Nimefika mpaka kona ya duka la vyuma, nikarudi. Nikimwendea atasema "Nilikwambia," na ataisema kwa neno moja.

Alhamisi, 1 Mei

Dada hakula. Chai nusu kikombe.

Jumapili, 4 Mei

Mto wa tano. Anaongea kwa pumzi, maneno mawili, anapumzika, maneno mawili. Nimeanza kumaliza sentensi zake, na nakosea. Alisema, "Funga..." nikafunga dirisha. Kumbe alitaka kusema funga mdomo upumzike, mdogo wangu. Alicheka kwa mabega tu.

Jumanne, 6 Mei

Jeti bado.

Alhamisi, 8 Mei

IMEWAKA.

Iandikwe kwa herufi kubwa, na atakayesoma asimame. Ilikuwa hivi. Mpwa alikuwa amekwenda duka la dawa. Muuguzi alipita asubuhi, hakufungua hata mkoba. Dada alikuwa amefumba macho tangu jana, naye alipofumbua ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika chache, mwanga wa mvua, ule wa kijivu.

"Leo hajaja?" akauliza.

"Nani, dada?"

"Shemeji yako. Ni saa... zake."

Nikasema ngoja nikatazame. Nikatoka. Nikaingia bandani, ambamo mashine imefungwa kwenye ubao na miguu yake imo ndani ya pipa la maji, maana mashine ya boti ukiiwasha pakavu unaiunguza. Mlango wa banda na dirisha la dada vinatazamana, hatua sita. Nikasimama kando ya pipa. Na mashine ikawaka, na jeti yake hiyo hiyo mbovu. Tu-tu-tu-tu, kho. Tu-tu-tu-tu, kho. Kwanza kwa mbali, kama iko ng'ambo ya mwamba, halafu ikasogea, ikajaa, halafu ikapungua taratibu, ikakohoa, ikanyamaza yenyewe. Haikukatwa. Dakika moja, labda na nusu.

Niliporudi ndani alikuwa amefumba macho na uso wake umelegea kama wa mtu aliyevuliwa viatu. Akasema, "Weka chai, Mashine."

Nikaweka. Alikunywa vijiko viwili.

Mpwa alinikuta jikoni. "Mjomba, mbona shati limelowa kifua chote?" Nikamwambia mvua imeingia bandani. Akasema, "Mama anasema iliwaka." Nikasema ndiyo, iliwaka. Akaniwekea mkono begani, akauacha hapo muda.

Sitaeleza zaidi. Mafundi wakubwa hawaelezi.

Ijumaa, 9 Mei

Mpwa anataka niiwashe naye aisikie. Nimemwambia imekataa tena.

Jumapili, 11 Mei

Dada ametutoka saa moja asubuhi. Mvua ilikuwa imekata. Mpwa alikuwa anamchana nywele, na mimi nilikuwa nimeshika kioo, nikaona pale kwenye kioo kwanza.

Haikukatika ghafla. Ilipungua, ikapungua. Tulikaa naye.

Jumatatu, 12 Mei

Tumemzika. Alivaa gauni la maua ya bluu.

Jumamosi, 24 Mei

Sikuandika. Hakukuwa na saa za dawa za kuandika upande wa nyuma, na upande wa mbele sikuwa na la kujisifia.

Leo nilikwenda mwenyewe gatini. Nilipita ile kona ya duka la vyuma, sikurudi. Fundi Kimya alikuwa anapiga msasa. Nikaweka kabureta mbele yake.

"Nimeiharibu," nikasema.

Nilingoja "Nilikwambia." Akafuta mikono, akavuta kiti akakisukuma kwangu. Akatafuta tupa kuukuu, akakata kipande, akakaa mbele ya jiwe la kunolea akawa anakichonga kuwa bisibisi, anapima kwenye jeti, anachonga, anapima. Kwa msumeno mwembamba akakata mwanya mpya juu ya ule niliousaga. Hakuongea. Karibu saa mbili. Mimi pia sikuongea, na hilo jambo watu wa gatini watalisimulia miaka mingi.

Alipomaliza hakuifungua jeti. Alinipa ile bisibisi.

"Nyumbani," akasema. "Wewe." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Dada yako alinipa viatu. Darasa la pili. Vilikuwa vyako."

Mimi nilidhani viatu vile vilipotea. Nilichapwa kwa ajili ya vile viatu. Nimetembea mpaka nyumbani nacheka na kulia barabarani, mtu mzima, watu wakanipisha njia.

Jumanne, 27 Mei

Nyuma unywele, mbele unywele. Jeti imetoka. Kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Miezi mitatu.

Mpwa alikuwa ameniletea chai bandani. Nikamwambia ile mbinu ya nyuma na mbele, ya sindano na ya leo, ni ya kwake. Akasema, "Najua, Mjomba. Nilikuwa nachungulia."

Tundu la jeti halisafishwi kwa waya, waya unalipanua. Nimetumia unyoya mmoja wa brashi yake ya nguo. Nikainua jeti kwenye mwanga. Nikaona ng'ambo.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua zimekwisha. Anga limeoshwa, nguo za watu wote ziko kambani.

Nilifunga kabureta, nikajaza pipa, nikatia petroli mpya. Nilingoja mpaka saa kumi na moja. Mpwa hakwenda sokoni, alikaa chumba cha nyuma, kwenye kitanda kilichotandikwa, dirisha wazi. Nikavuta kamba. Mara ya tatu ikashika.

Nne, ikakohoa. Nne, ikakohoa. Moshi ukatoka kwa mlango wa banda ukaenda uani. Sauti ile iligonga mabati, ikanigonga kifuani, nikaona shemeji amekaa pembeni ya boti hana haraka, nikaona dada anainuka kwenda jikoni. Sikuizima. Nilifunga bomba la petroli, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Dakika mbili na zaidi. Ikapungua. Ikakohoa mara mbili mfululizo, kama anayetaka kusema kitu. Ikanyamaza.

Mpwa akaja mlangoni, macho mekundu.

"Ndiyo hii," akasema. "Hii ndiyo ya baba."

"Ndiyo hii."

"Mjomba, mama aliniachia maneno ya kukupa. Alisema nisikwambie mpaka ya kweli iwake."

Nikajua. Nikatazama pipa.

"Alisema, mwambie mjomba wako amepiga vizuri, nne kwa kikohozi. Ila mashine ya baba yako haikuwa inavuta pumzi katikati." Akajifuta pua kwa kiganja. "Alicheka, Mjomba. Usiku ule alicheka mpaka nikamshika mgongo. Alisema, kakimbia uani tena, yule mtoto."

Basi ameingia ndani kuweka chai, na mimi nimebakiwa na ukurasa mmoja, niumalize kwa kweli. Hawakuniita Mashine kwa sababu ya injini yoyote. Aliyenipa jina ni dada, nikiwa na miaka sita, nikizunguka uani na kifuniko cha sufuria kwa usukani, navuma kwa mdomo mpaka kidevu chote kinalowa, na yeye ananikamata ananifuta kwa pindo la gauni lake. Na ile tarehe nane mvua haikuingia bandani. Yale yaliyokuwa kwenye shati langu ni mate.